Kuandika ketuba kwa mkono: nianzie wapi?

Mwanaidi_Kalamu: Hamjambo wote. Niko Toronto, kazi yangu ni kuandika kadi na vyeti vya harusi kwa mkono. Rafiki yangu Myahudi anaolewa Novemba, kaniomba nimwandikie ketuba, ule mkataba wao wa ndoa, na niipambe kwa makomamanga na mizabibu. Hati za Kiarabu nimezizoea, ila Kiebrania sikisomi. Nianzie wapi?

FundiWino: Dada Mwanaidi, kabla hujanunua hata karatasi, mwone rabi. Yeye ndiye atakayekupa maneno ya Kiaramu (lugha ya kale, ketuba huiandika kwa herufi za Kiebrania), majina ya maharusi na ya baba zao, mji wa harusi, na tarehe inayohesabiwa tangu kuumbwa ulimwengu. Ukishaandika kwa penseli, mrudishie asome tena. Hii ni hati ya kisheria: inamkinga mke kwa kutaja wajibu wa mume, na mashahidi wawili wataitia sahihi.

Linda sana miisho ya mistari. Pasibaki nafasi ya mtu kuchomeka neno. Ndiyo maana sisi huvuta herufi ya mwisho, kama dalet au resh, mpaka ikaguse ukingo. Wewe wa hati za Kiarabu hutapata shida hapo.

Halafu uliza kuhusu herufi kof ya neno "vekanina", lile la kuthibitisha kwamba wajibu umepokewa. Jamii nyingi huiacha bila mguu, yaani ule mstari wake wa kushuka chini. Siku yenyewe bwana harusi hupokea leso au kitu kingine na kukiinua, ishara kwamba amekubali wajibu wake, ndipo mguu unamaliziwa na mashahidi wanatia sahihi. Napenda sana kuwepo dakika hiyo, wino ukiwa bado mbichi.

Mapambo hayana masharti ya gombo la Torati: rangi, ndege, dhahabu, vyote ruksa. Tazama ketuba za Venice na Ancona za karne ya 17 na 18, zilivyojaa nguzo na maua. Ile ya Krems, Austria, ya mwishoni mwa karne ya 14, imechorwa bwana harusi akimnyooshea bibi harusi pete.

Bi_Karatasi: Chukua karatasi ya pamba tupu, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Acha nafasi ya kutosha ya sahihi chini, na ujaribu kwenye kipande cha pembeni kalamu watakayotumia mashahidi. Nyingine huvuja.

Mwanaidi_Kalamu: Asanteni mno. Karatasi ya dhahabu nibandike kabla ya rangi au baada?

FundiWino: Kabla. Maandishi, dhahabu, kisha rangi. Ukitanguliza rangi, dhahabu itaing'ang'ania na kuacha madoa.