Nimeanza minoksidili na nywele zinatoka kuliko mwanzo: niendelee au niache?

Tausi_J

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Nywele zangu zimekuwa zikipungua utosini kwa miaka michache sasa. Hakuna kidonda wala kiraka kitupu. Ni ile njia ninayogawanya nywele katikati ndiyo inayopanuka. Zamani nikichana ilikuwa mstari mwembamba, sasa ngozi inaonekana wazi, hasa nikisimama chini ya taa. Mbele, kwenye paji la uso, nywele ziko palepale. Mama yangu utosi wake uko hivihivi, na marehemu bibi naye alikuwa hivyo.

Nimepitia mafuta mengi: ya mnyonyo, ya rozimari, na michanganyiko ambayo chupa yenyewe haisemi ndani mna nini. Nywele zililainika na kung'aa, lakini njia ile haikuziba hata kidogo. Nikasoma sana kuhusu minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, nikanunua ya maji ya asilimia 5, ile inayouzwa bila cheti cha daktari. Boksi lina picha ya mwanamume. Napaka asubuhi na usiku kama karatasi ya ndani inavyoelekeza.

Wiki za mwanzo kimya. Kisha zikaanza kupukutika. Nikioga zinaziba tundu la maji, nikipitisha vidole zinanifuata. Na hazikatiki, zinatoka nzima na kile kidoa cheupe mwishoni. Juu ya hilo ngozi inawasha, kuna unga kama mba, na malaika za mashavuni zimeanza kuwa nyeusi na ndefu.

Mume wangu anasema niiache kabla sijabaki na upara kamili. Mimi moyo unakataa kuacha, kwa sababu hii ndiyo dawa pekee niliyosoma kwamba imepimwa kweli. Lakini kila asubuhi nikitazama mto nakata tamaa. Mto wenyewe nagombania na paka wangu, ambaye lazima alale kichwani pangu, kwa hiyo hata sijui zipi zangu zipi zake.

Je, huku kutoka ni kwa kawaida? Kutaisha lini? Na ni kweli kwamba ukianza huachi tena maisha?

Nyikani

Dada Tausi, pole. Hicho unachokiona nilikiona na mimi, na kilinitisha vilevile. Mimi ni mwanamume, nina upara wa ukoo, nimeitumia dawa hii kwa miaka. Mwezi wa pili wa kutumia ndio ulikuwa mbaya zaidi kwangu. Baada ya hapo zikatulia, kisha vikaanza kuota vinywele vyembamba, vyepesi, visivyo na rangi ya kutosha. Usividharau hivyo. Vingine vilikuja kunenepa baadaye.

Piga picha. Mahali pale pale, taa ile ile, nywele zikiwa kavu, mara moja kwa mwezi basi. Kioo cha kila siku kinadanganya pande zote mbili: leo unaona nafuu, kesho unaona maafa.

Kuhusu maisha yote: ndiyo, kwa aina hii ya upara. Kuna kipindi niliacha kwa sababu ya safari ndefu, na baada ya miezi mitatu minne kila kilichokuwa kimeota kilikuwa kimeondoka. Nikaanza upya. Na nikuambie ukweli mwingine: utosini imenisaidia sana, lakini pembeni mwa paji la uso haikunirudishia kitu. Naitumia kulinda nilichonacho, na kwangu hilo linatosha.

Dawa_na_Dozi

Tausi mwanangu, marahaba. Nimefanya kazi ya ufamasia muda mrefu na swali lako limenigusa, kwa sababu watu wengi huiacha dawa hii katika wiki hizi hizi ulizomo wewe.

Kwanza huko kupukutika. Kila unywele una awamu ndefu ya kukua, ya miaka kadhaa, kisha awamu ya kupumzika ya kama miezi mitatu, ndipo unadondoka. Minoksidili inaifupisha hiyo awamu ya kupumzika na kukiamsha kitundu kianze kukua upya. Unywele mkongwe uliokuwa umekaa tu unasukumwa na unaokuja chini yake, kama jino la utoto linavyosukumwa na la ukubwani. Kwa vile dawa inaviamsha vitundu vingi kwa mpigo, unaona nywele nyingi zikitoka kwa mpigo. Kwa kawaida huanza ndani ya wiki mbili hadi nane za mwanzo, kisha hupungua. Kidoa cheupe mwishoni kinaonyesha kwamba unywele ulishamaliza muda wake. Mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila hata kutambua. Ukivuka miezi minne na bado zinatoka kwa kasi hiyo, hapo ni suala jingine na daktari wa ngozi akutazame.

Pili, hizo malaika za mashavuni. Dawa hii haikutengenezwa kwa ajili ya upara. Ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu, na wagonjwa waliokuwa wakikimeza wakaanza kuota nywele mahali wasipotarajia. Ndipo watafiti wakaigeuza kuwa ya kupaka. Marekani iliidhinisha ya asilimia 2 mwaka 1988, na mwaka 1996 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti. Kwa hiyo kuotesha nywele ndiyo tabia yake popote inapogusa. Ikitiririka kwenye paji, ikihamia kwenye mto na mto ukagusa shavu, itaotesha huko pia. Wanawake wanapata hali hii zaidi wakitumia ya maji ya asilimia 5 mara mbili kwa siku, na maelekezo hayo uliyonayo ni ya wanaume. Kwa wanawake maelekezo ya kawaida ni ya maji ya asilimia 2 mara mbili kwa siku, au povu la asilimia 5 mara moja tu kwa siku. Malaika hizo hufifia zenyewe ndani ya miezi michache dozi ikipungua au dawa ikiachwa.

Tatu, kuwashwa. Dawa ya maji huyeyushwa kwa alikoholi na kitu kiitwacho propileni glaikoli, na hicho cha pili ndicho kinachowasumbua wengi: ngozi inawasha, inakauka, inatoa unga unaofanana na mba. Povu kwa kawaida halina propileni glaikoli. Ningekuwa wewe ningehamia povu, mara moja kwa siku, kisha nione kama muwasho unaondoka.

Sasa, paka. Mwanangu, mtoe kitandani leo hii. Minoksidili ni sumu kwa paka, na sizungumzii kiasi kikubwa. Kulamba kidogo kwenye mto au kwenye nywele zako kunaweza kumdhuru moyo na mapafu, na paka wamekufa kwa sababu hiyo. Badilisha foronya, nawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza kupaka, chupa ifungiwe mbali. Ukimwona amelegea, anapumua kwa shida au hataki kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja na utaje jina la dawa.

Katika kupaka, ngozi iwe kavu na dawa ifike kwenye ngozi. Nywele zenyewe hazina cha kufanya nayo. Usitangulize mafuta mazito. Usiku paka mapema, muda wa saa mbili hadi nne kabla ya kulala, ikauke. Ina alikoholi, kwa hiyo ikiwa bado mbichi kaa mbali na moto na sigara. Ukisahau dozi, usipake mara mbili kufidia. Na ukihisi moyo unakwenda mbio, kizunguzungu, maumivu ya kifua au miguu kuvimba, acha na umwone daktari.

Zamaradi_

Naomba niulize jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Tausi, huo muwasho ulianza kabla ya dawa au baada?

Nauliza kwa sababu mimi nilianza kama wewe, utosini, na kila mtu aliniambia ni ya ukoo. Lakini kwangu ngozi ilikuwa inawaka moto na kuuma nikiigusa, tangu zamani, kabla sijapaka chochote. Baadaye sehemu ile ikawa inang'aa, laini, vile vitundu vya nywele havionekani kabisa. Daktari wa ngozi alikata kipande kidogo akakipima, akaniambia ni upara wa makovu unaoanzia katikati ya kichwa na kusambaa kwenda nje. Unawapata zaidi wanawake weusi. Kitundu kikishakuwa kovu hakuna dawa ya kupaka itakayokirudisha. Nilipewa dawa za kutuliza uvimbe ili kuokoa kilichobaki, na minoksidili ikaongezwa juu yake kama msaidizi tu.

Ninaumia kila nikiona mtu anaambiwa "paka tu, subiri miezi sita" bila kuulizwa ngozi yake ikoje. Kwa mwenye makovu, miezi sita hiyo ni nywele asizoweza kuzipata tena. Vivyo hivyo kwa wanaosuka kwa kubana sana na kuona pembe za kichwa zinarudi nyuma: dawa ya chupa haifai kitu kama mvuto unaendelea.

Mshale

Jamani kwa nini mnamtesa dada kwa kemikali? Rozimari imethibitishwa kuwa sawa na minoksidili. Nimesoma mwenyewe.

Dawa_na_Dozi

Mshale, utafiti huo upo, ulitoka mwaka 2015. Ulikuwa na wanaume wenye upara wa ukoo, 100 tu, na rozimari ililinganishwa na minoksidili ya asilimia 2, siyo ya 5. Baada ya miezi sita makundi yote mawili yaliongezeka kidogo na tofauti kati yao haikuwa kubwa. Ni jambo la kutia moyo, lakini utafiti mmoja mdogo hauwezi kusimama mbele ya majaribio mengi yaliyofanywa kwa minoksidili. Na Tausi ameshasema rozimari alijaribu.

Zamaradi, asante sana kwa swali lako. Nilipaswa kuongozwa nalo na mimi.

Tausi_J

Nimesoma yote mara mbili. Mungu awabariki.

Paka nimeshamtoa, analalamika mlangoni usiku kucha, na foronya zote nimefua. Yuko salama, anakula vizuri. Sikuwa nimesikia neno hilo popote, na karatasi ya ndani ya boksi langu haina hata mstari mmoja kuhusu wanyama.

Dada Zamaradi, muwasho ulianza baada ya dawa, kabla ya hapo ngozi haikuwa na tatizo. Haiumi wala haiwaki. Dada yangu amenimulika kwa tochi ya simu na kunipiga picha: vitundu vinaonekana, na kuna vinywele vifupi vyembamba kando ya njia. Hata hivyo umenitia hofu ya maana, nimepanga kwenda kwa daktari wa ngozi. Sitaki kukisia.

Povu nimelipata. Lakini kuna jambo sikulisema mwanzoni. Mimi na mume wangu tunatarajia kutafuta mtoto, pengine kabla mwaka haujaisha. Inakuwaje hapo?

Zamaradi_

Vitundu kuonekana ni habari njema. Ukienda kwa daktari nenda bila kusuka na bila mafuta, ngozi aione kama ilivyo. Mwambie pia kuhusu hedhi kama ni nzito, na kama umeugua homa kali au kupungua uzito miezi ya karibuni. Mimi walinipima damu pia, wakaangalia madini ya chuma na tezi ya shingo, kwa sababu vyote viwili vinaweza kupunguza nywele peke yake.

Nyikani

Dada, hili la mtoto usilifiche kwa daktari hata kidogo. Nakuombea heri.

Dawa_na_Dozi

Mwanangu, vizuri umesema. Minoksidili haitakiwi wakati wa ujauzito wala kunyonyesha. Kwa hiyo hesabu yako inabadilika, na ni bora uifanye sasa.

Dawa hii inahitaji angalau miezi minne ndipo uone dalili, na wengi huona kilele chake karibu na mwaka mmoja. Ukiiacha, ulichopata kinaondoka ndani ya miezi mitatu hadi minne. Kama kweli mnaanza kutafuta mtoto hivi karibuni, unaweza kujikuta umevumilia kipindi hiki kigumu cha kupukutika, halafu unaacha kabla ya kufaidi. Wengine katika hali yako huamua kusubiri mpaka wamalize kunyonyesha ndipo waanze kwa utulivu. Wengine ambao mtoto bado yuko mbali huendelea, kisha huacha kabla ya kuanza kutafuta. Hilo ni la kwako, mumeo na daktari wako.

Jua pia kwamba wakati wa ujauzito nywele nyingi hubaki katika awamu ya kukua, kwa hiyo huenda zikaonekana nzito. Miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua zinatoka kwa wingi, na hiyo hupona yenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka. Usije ukadhani ni ile ya ukoo imekuzidi, ukakimbilia chupa huku unanyonyesha.

Na daktari akitaja finasteraidi au spironolaktoni, dawa za kumeza ambazo hutumika pia kwa upara wa ukoo, mwambie hapohapo kwamba unatafuta mtoto. Zote mbili zinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Povu, kwa sasa kama utaendelea: nusu ya kifuniko, mara moja kwa siku, kwenye ngozi ya njia na utosi. Lifyatulie kwenye kifuniko au kibakuli kilichopoa, kwa sababu likigusa vidole vyenye joto linayeyuka kabla hujalifikisha. Ukishaonana na daktari, rudi utuambie alichosema.