Naomba ushauri: fremu ya picha ya Barabara ya Lumumba, Kigoma

Habari zenu wakuu. Nimenunua picha ya kuchorwa, imechapwa kwenye karatasi nzito, inaonyesha Barabara ya Lumumba hapa Kigoma: miembe kandokando, baiskeli, na kule chini stesheni iliyojengwa na Wajerumani, enzi reli ilipofika ziwani mwaka 1914. Ni zawadi ya baba, mstaafu wa reli. Barabara hiyo ndiyo aliyoipita kila alfajiri kwenda kazini.

Shida ni fremu. Fundi wa huku Mwanga anataka kuibandika kwa gundi ya mbao kwenye hadibodi, kisha kioo juu yake moja kwa moja. Moyo unakataa kabisa. Picha ya harusi ya wazazi tuliipoteza hivyohivyo: masika unyevu uliingia, karatasi ikagandana na kioo, ikachanika nilipojaribu kuitoa.

Nafikiria kuzungushia kadi pembeni ili isiguse kioo, na kuishikiza upande wa juu tu. Je, kadi ya kawaida ya dukani inafaa, au itaiachia madoa ya manjano? Na sebuleni kwake jua la jioni linapiga ukutani. Bora itundikwe ukumbini? Waliowahi kuifanya kazi hii naombeni mnielekeze, shughuli ni mwezi ujao.