Naombeni ushauri: picha ya ukoo ya bibi imetoka ukungu na sherehe ni Desemba

MjukuuWaTarakea

Habari za jioni wakuu, nimekwama, matusi nitavumilia ila nisaidieni.

Bibi yetu mzaa baba anatimiza miaka 80 na ukoo mzima tunapanda Rombo Desemba kama kawaida yetu, sasa kwenye kikao wakagawana majukumu, huyu mbuzi, huyu turubai na viti, mimi kwa kuwa ndo "mtu wa kompyuta" (nilimwekea shangazi WhatsApp kwenye simu mpya, sifa yangu yote imeanzia hapo) nikapewa kutengeneza picha moja kubwa yenye watu wote, iwekwe fremu, itundikwe sebuleni kwa bibi. Watoto 9, wajukuu 31, vitukuu 6, yani vipicha 46 ukiacha bibi na babu wa katikati.

Nikaingia YouTube nikajifunza Photoshop, ile programu ya kuhariri picha, siku nne silali. Nimefungua A2 (karatasi kubwa sawa na A4 nne), nikapanga safu saba kwa upana na mistari tisa kwenda chini, katikati nikaacha nafasi ya bibi na babu. Kwenye skrini imetulia balaa, ukizumu unaona mpaka hereni za shangazi. Nikaprinti Kariakoo, nimelipa, nimefika nyumbani nafungua lile karatasi, nyuso zote ukungu. Unajua kabisa kuna mtu hapo ila huwezi kuapa ni nani.

Mengine: laptopu yangu RAM GB 4, nikifika picha ya ishirini inaganda. Babu alifariki 1987 na picha yake iliyobaki ni moja tu, pasipoti ya kitambulisho cha kazi, ina muhuri begani. Na baba mdogo ameachana na mkewe, anataka huyo mke atolewe kwenye picha zote, na picha zote nzuri za watoto wao huyo mama yupo.

Nawasilisha.

Mzee wa Fasta

Photoshop ya nini mkuu unajitesa, ingia Canva kwa simu dakika kumi umemaliza, zipo templeti za kumwaga.

kisiki_cha_mpingo

Tatizo ni karatasi uliyofungua. Wengi mnafungua faili mnaacha saizi ile inayokuja yenyewe, 72 dpi (yaani pikseli 72 kwa kila inchi), halafu mnaenda kuprinti bango. A2 ni milimita 420 kwa 594, kwa 300 dpi inatakiwa pikseli 4961 kwa 7016. Chini ya hapo usimlaumu mtu.

MjukuuWaTarakea

@kisiki_cha_mpingo ni 4961 kwa 7016 hiyohiyo mkuu, nimeangalia sasa hivi kwenye Image Size. Ndo maana nimechanganyikiwa.

kisiki_cha_mpingo

Basi vipicha vyenyewe ndo vibovu, umevitoa kwenye grupu la WhatsApp.

MjukuuWaTarakea

Ni kweli vingi vya grupu, lakini mbona kwenye skrini nikizumu viko safi?

FundiBango

Ngoja kwanza, naona mnatibu mguu na kinachouma ni jino. Mkuu, hiyo kazi iliyomalizika ilifikaje kwa mtu wa kuprinti?

MjukuuWaTarakea

Nilimtumia WhatsApp nikiwa kwenye daladala ili nikifika nikute tayari.

FundiBango

Kama dokumenti au kama picha?

MjukuuWaTarakea

...

Kama picha.

bintiKorogwe

😂😂😂 siku nne halali jamani

FundiBango

Usijilaumu, mimi nipo kwenye kazi hii na kwa wiki napokea wa hivyo kama watano. Piga hesabu uone. Picha ukiituma kawaida WhatsApp inaiminya, upande mrefu unabaki kama pikseli 1600. Wewe ulikuwa na 7016. Sasa hizo 1600 zitandaze kwenye A2 yenye upande mrefu wa inchi 23 na kitu, unapata pikseli 68 kwa inchi badala ya 300. Upana umebaki kama 1130, gawa kwa safu zako saba, kila mtoto wa watu amepewa pikseli kama 160. Hapo hata mama yake hamjui.

Na huyo aliyekuprintia alitakiwa akwambie. Faili ya A2 ikija na KB mia nne mtu unashtuka, ila kuna vijana kazi yao ni kubonyeza tu hela iingie.

Kwa hiyo kazi yako haijafa. Faili la mwanzo unalo? Toa JPEG ya ubora wa juu au PDF, weka kwenye flashi, nenda nayo mkononi. Kama lazima utume, tuma kama dokumenti au tupia Google Drive ugawe linki. Hiyo HD ya WhatsApp walioleta 2023 ina afadhali lakini kwa kazi ya kuprinti kubwa bado inaminya, usiitegemee.

kisiki_cha_mpingo

Nimekubali, hilo sikuliwaza. Ila vipicha vya grupu bado nina wasiwasi navyo.

FundiBango

Kwa saizi yake havina shida. A2 ina upana sentimita 42, safu saba ni sentimita 6 kila kipicha. Sentimita 6 kwa 300 dpi ni pikseli 709 tu. Cha WhatsApp kina 1600, kinabaki na chenji, labda kama mtu yuko mbali mle ndani ukalazimika kumkata kichwa chake peke yake. Anayetaka picha nzuri ya kweli ni bibi wa katikati maana ndo mkubwa. Huyo nenda kampige upya, au yeyote aliyepo Rombo ampige mchana nje kivulini, na aitume kama dokumenti nimeshasema.

Kingine ambacho YouTube hawasemi: karatasi haina taa nyuma kama skrini, picha inatoka nyeusi zaidi ya unavyoiona. Sisi rangi zetu hizi usipoangaza nyuso kidogo kwa Curves (sehemu ya kurekebisha mwanga kwenye Photoshop), wajukuu wa Rombo watatoka meno matupu. Printi kwanza A4 ya kipande kimoja tu, elfu moja mbili, uone rangi ndipo umwage A2. Na nyuso zikae mbali na ukingo, sentimita mbili hivi, fremu inakula pembeni.

LeyaKwaLeya

Suala la laptopu kuganda. Nahisi unafanya hivi: unaburuta picha ya simu nzima nzima yenye megapikseli 12, unaipunguza kwa macho, unafuta pembeni kwa ifutio, unaenda nyingine. Sivyo?

MjukuuWaTarakea

Ndivyo 🙈 na shangazi alipotaka ya kwake ibadilishwe ikabidi nirudie mstari mzima.

LeyaKwaLeya

Ifutio ni adui, ukifuta ukaseivu umeua. Fanya hivi. Kabla hujaingia Photoshop weka picha zote kwenye folda moja, chukua IrfanView ni ya bure, ina sehemu ya kubadili saizi za picha nyingi kwa mpigo, zishushe zote upande mrefu uwe kama 1200, na uziseivu kwenye folda nyingine usije ukaziharibu za mwanzo. Hapo RAM 4 itapumua.

Halafu chora kiboksi kimoja cha saizi yako, kizidishe mpaka viwe 46, vipange ukiwa na subira moja. Ukishamaliza viboksi ndo unaleta picha, leya (tabaka, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine) ya picha iwe juu ya leya ya kiboksi chake, unabonyeza Ctrl+Alt+G, picha inajikata yenyewe inaingia ndani ya kiboksi. Unaweza kuisogeza huku na huku ndani mle mpaka uso ukae vizuri, na hakuna kilichofutwa. Shangazi akibadili mawazo mara nane unatoa picha unaweka nyingine, kiboksi hakijui lolote. Zipe leya majina ya watu, usiache "Layer 37" utalia.

Na kama Photoshop yako ni ya zamani ukivuta saizi shikilia Shift, matoleo ya kabla ya mwishoni mwa 2018 usiposhika picha inavutika, mtu anatoka mpana.

MjukuuWaTarakea

Aaah kumbe ndo maana baba mkubwa ametoka amenenepa, nikajua ni picha.

tui_la_nazi

Kwa RAM hiyo mimi ningehamia GIMP, bure na nyepesi, huna haja ya hizo kraki zenu (programu za wizi) zinazokuja na virusi. Ctrl+Alt+O unachagua picha zote zinaingia kila moja leya yake. Ukiseivu inakaa XCF (faili la GIMP lenyewe), ukitaka JPEG unaenda Export, watu wengi wanatafuta JPEG kwenye Save wanaikosa wanasema GIMP mbovu.

LeyaKwaLeya

GIMP nzuri sibishi ila mwenzio ana kazi tayari kwenye PSD (faili la Photoshop), abadili gari katikati ya safari kwa nini.

Digitali255

Babu rahisi sana, kuna AI za bure za kusafisha picha za zamani, unatupia unapata HD kama imepigwa jana. Hata rangi inaweka.

MjukuuWaTarakea

Ngoja nijaribu nirudi.

mama_pacha

Wanaume mmezungumza pikseli weee, hakuna aliyegusa la mkwe. Mdogo wangu nisikilize, mimi nilishafanya hii kazi kwetu na sijasahau. Usimkate huyo mama kwenye picha. Kwanza huwezi, mimi nilijaribu nikamfuta mtu vizuri kabisa, kumbe mkono wake umebaki begani kwa mtoto, vidole vinne na pete, picha imetundikwa mwaka mzima ndo mtu anaona, ikawa kesi. Pili watoto ni wake, watakuja kuisoma hiyo picha wakiwa wakubwa, wataona mahali mama yao alipokatwa. Waombe watoto wenyewe watume selfi mpya kila mmoja ya kwake. Yeye hayupo, hajakatwa, baba mdogo karidhika na hakuna ugomvi.

Na hao watoto 9 wa bibi vipicha viwe sawasawa kwa saizi, mpangilio kwa kuzaliwa, kifungua mimba juu kushoto. Usimweke mwenye gari karibu na bibi. Utaulizwa.

bintiKorogwe

Hiyo ya mwenye gari 😂😂 dada umeishi

MjukuuWaTarakea

Wakuu narudi na mrejesho.

Ya babu kwanza. Nilitupia kwenye AI kama alivyosema Digitali255, aisee ilitoka picha safi, macho yanang'aa, ngozi laini, suti imenyooka. Nikafurahi nikamtumia baba yuko Rombo amwonyeshe bibi. Bibi akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akamwambia baba "kijana mtanashati huyu, wa kwa nani?"

Nimekaa kimya kama dakika mbili.

tui_la_nazi

Duh.

FundiBango

AI haisafishi mkuu, inabuni. Pale ambapo picha haina taarifa inachora uso wa mtu mwingine unaofanana fanana. Kwa ua au gari sawa, kwa marehemu ambaye mkewe bado yupo hai acha kabisa.

Itafute ile pasipoti yenyewe, usiipige na simu, tafuta stesheneri yenye skana ya kulaza, waambie 1200 dpi. Picha ina urefu wa sentimita nne na nusu, ukiiskani hivyo unapata pikseli zaidi ya 2100, kwa 300 dpi unaweza kuiweka sentimita 18 bila kuvuta. Chembechembe zitaonekana, itaonekana ya zamani. Na ni ya zamani. Muhuri kama uko kwenye koti tumia Clone Stamp (inanakili sehemu ya jirani kufunika doa) taratibu, brashi ndogo, kwenye leya mpya tupu na siyo juu ya picha yenyewe. Usoni usiguse.

Digitali255

Mimi nilitaka kusaidia tu jamani.

MjukuuWaTarakea

Hamna noma @Digitali255, bibi amecheka siku nzima baba anasema.

Mrejesho wa pili. Nimefuata viboksi vya LeyaKwaLeya, nimerudia kazi yote usiku mmoja na laptopu haijaganda, imepiga kelele tu. Watoto wa baba mdogo wametuma selfi, mkubwa wao akaniuliza "na mama?" nikamwambia kila mtu yuko peke yake kwenye boksi lake, akasema sawa. Babu nimemskani, baba alimpa mtu wa basi bahasha, kidogo nife kwa presha mpaka ilipofika. Muhuri nilianza kuufuta nikauacha nusu, maana bibi kasikia akasema ule muhuri ni wa kazini kwake babu, uacheni. Kwa hiyo upo.

Nimeprinti A4 ya majaribio, nyuso zilitoka nyeusi kweli kama ulivyosema, nimeangaza nikarudia, sasa shangazi anaonekana mpaka hereni na kwenye karatasi. A2 naprinti wiki ijayo, flashi mkononi. Swali la mwisho, fremu ya kioo ninunue Dar au?

FundiBango

Usipande basi na kioo Desemba wewe. Kunja karatasi kwa mviringo, picha iangalie nje, weka kwenye bomba la PVC, fremu utatengeneza Moshi mjini ukifika. Pima kabisa ukuta wa bibi.

mama_pacha

Na uhesabu tena watu kabla hujaprinti. 46. Hesabu kwa majina siyo kwa viboksi.

MjukuuWaTarakea

Nimehesabu. Wako 45. Nimejisahau mimi mwenyewe.

bintiKorogwe

😂😂😂😂

Mzee wa Fasta

Mkuu tupia hiyo PSD ya viboksi na sisi tuna bibi zetu.