Koa wa baharini kwenye tangi la nyumbani: yupi anafaa?

ChumviMikocheni: Wakuu, habari za jioni. Tangi langu la lita 200 limevamiwa na mwani wa nyuzi, mawe yameota nywele kabisa. Nataka koa wa kuufyeka. Kuna yule mkubwa wa kahawia mwenye masikio kama sungura, kuna wa kijani aliyekunjamana kama saladi, na kuna wale wa rangirangi. Bamvua ijayo naweza kwenda kuwaokota kisiwani Mbudya, hapa Dar. Nichukue yupi?

BabuMapovu: Mdogo wangu, Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, huko usiokote kitu. Halafu wa rangirangi waache baharini. Wengi hata mwani hawaugusi. Huyu anakula sponji hai ya baharini ya aina fulani tu, yule anemoni fulani tu. Akikikosa anasinyaa taratibu huku wewe unadhani amelala. Na akina Phyllidia, aina mojawapo ya hao wa rangirangi, wana sumu, akifadhaika au akifia humo anaweza kukuulia samaki.

DadaKigamboni: Huyo wa masikio, Dolabella, nilimfuga mimi. Kazi anaiweza! Siku nne mawe yakawa meupe. Shida ikaanza ya tano, mwani umeisha na yeye bado anakua, maana anaweza kufika sentimita 40. Nikambania mwani mkavu kwenye kioo, anaupita kama hauoni. Siku namhamisha kwa pupa akanimwagia wino, tangi zima likawa juisi ya rosela. Nilibadilisha nusu ya maji na kutupia mkaa wa kuchujia, ndipo samaki wakapona.

FundiPampu: Kati ya hao mimi namkubali wa kijani, Elysia crispata. Ni mdogo, mpole, anafyonza mwani na kuhifadhi ukijani wake mwilini, kisha mwanga unamsaidia kupata chakula. Ila kwao ni Karibiani, ufukweni kwetu humwoni. Na adui yake ni pampu: usipoivisha sponji mdomoni, inamvuta na asubuhi unakuta supu.

ChumviMikocheni: Mh, basi nimeghairi wote. Nasugua kwa mswaki.

FundiPampu: Ngoja kwanza. Taa unawasha masaa mangapi?

ChumviMikocheni: Kumi na manne. Wageni wakija sebule inapendeza.

FundiPampu: 😂 Kumbe shamba umelima mwenyewe. Shusha hadi manane, na chakula cha samaki upunguze.