Sauti kukwaruza sindano inapokaribia lebo

Msikilizaji wa Buruburu:
Wapenzi wa santuri, naombeni ushauri. Santuri zangu za inchi 12 huanza vizuri, lakini katika wimbo wa mwisho wa kila upande sauti ya mwimbaji hukwaruza, hasa kwenye herufi s, na tarumbeta hupasuka. Sindano ni safi, na uzito wake wa kukandamiza santuri ni gramu 1.5, ndani ya kiwango cha mtengenezaji. Je, sindano imechakaa?

Fundi wa Ngara:
Usikimbilie kununua sindano. Mashine iliyochonga santuri mama ilisogea kwa mstari ulionyooka kuelekea katikati, ilhali mkono wa mashine yako husafiri kwa upinde, kwa hiyo katriji, yaani kichwa kinachoshika sindano, hulingana kikamilifu na mfereji wa santuri katika sehemu mbili tu, ambazo kwa mpangilio wa Baerwald, mojawapo ya hesabu za kulinganisha katriji, ziko takribani milimita 66 na 121 kutoka kitovuni. Weka karatasi ya vipimo, yenye nukta za sehemu hizo mbili, juu ya sahani inayozungusha santuri, ushushe sindano taratibu kwenye kila nukta, kisha utazame kutoka juu kama mbavu za katriji ziko sambamba na mistari. Zikiwa zimepinda, legeza skrubu mbili za katriji na uisogeze hadi nukta zote mbili zikubali.

Mteja wa Kenyatta Market:
Naafiki, ila vipimo peke yake havitoshi. Kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mfereji wa nje hupita chini ya sindano kwa takribani sentimita 50 kwa sekunde, na wa ndani kabisa takribani 20 tu. Mawimbi yaleyale hubanwa, na ncha ya duara hushindwa kuyafuata pale ambapo ncha ya duaradufu ingepenya. Vilevile, gramu 1.5 huenda ni kidogo: panda hadi karibu na ukomo wa juu wa mtengenezaji, kwa kuwa sindano nyepesi inayorukaruka huumiza mfereji kuliko iliyotulia. Mkwaruzo huo uko kwenye spika zote mbili?

Msikilizaji wa Buruburu:
Zaidi kwenye spika ya kulia.

Fundi wa Ngara:
Basi, pamoja na vipimo, ongeza kidogo nguvu ya kuzuia mkono usivutwe ndani, kwani ukuta wa nje wa mfereji, wenye sauti ya kulia, haukandamizwi vya kutosha. Santuri itakayoendelea kukwaruza baada ya hapo, hasa ya mitumba, imeliwa na sindano za wenyewe wa zamani, na hiyo haina dawa.