Naomba ushauri: nawapa alama vipi na jibu mwenyewe silijui?

Assalaam aleikum wanajamvi. Nafundisha kemia ya maabara mwaka wa kwanza, hapa Lamu. Kila muhula ni yale yale: wanapima chumvi niliyoichanganya mwenyewe, jibu wameshanakili kwa waliowatangulia. Sasa nataka wapime maji ya visima, kuanzia Langoni hadi kwenye vilima vya mchanga vya Shela, waone kloraidi (sehemu ya chumvi iliyomo majini) inavyobadilika kiangazi na masika. Tumejaribu mara moja. Tone la mwisho la nitrati ya fedha, dawa ya kupimia kloraidi, likaanguka, manjano ya kromati tuliyotia kama kiashirio ikageuka rangi ya matofali, darasa zima kimya! Ila vikundi viwili, kisima kimoja, majibu mbalimbali kabisa. Nasahihishaje hapo? Na mabaki yenye kromati (sumu ile) niyapeleke wapi, nasi tuko kisiwani?