Naomba ushauri: mkusanyiko wa soul wa kumpa mzee, ninunue au nichague nyimbo mwenyewe?

BintiIlala

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Baba yangu anafikisha miaka 75 mwezi ujao na nataka kumpa muziki. Ujana wake ulikuwa soul, muziki wa Wamarekani Weusi: Otis Redding, Aretha Franklin, Four Tops, James Brown na wenzao. Kanda zake karibu zote zimeota ukungu. Siku hizi husikiliza muziki kwenye gari, kwa flashi.

Kaka yangu anasema mkusanyiko wa nini, kila kitu kiko kwenye simu, tupakue nyimbo mia tumwekee, kwisha habari. Mimi moyo unakataa. Nimeona seti za CD zenye kijitabu ndani, bei imesimama, na nyingine za bei chee zenye nyimbo lukuki. Mikusanyiko hii inatoka tangu sijazaliwa na bado watu wananunua. Kuna kitu gani humo ambacho orodha ya kujipangia haina? Na nikinunua, ninunue upi? Natanguliza shukrani.

SindanoYaSanturi

Marahaba binti. Kwa hili moyo wako uko sahihi, kaka yako mwache.

Watu hudhani mkusanyiko ni kitu cha wasiojua muziki, kwamba mpenzi wa kweli hununua albamu nzima. Kwa soul ya miaka ya 60 ni kinyume. Ule ulikuwa muziki wa singo: kisahani cha inchi 7, wimbo mmoja kila upande, dakika mbili na nusu au tatu, basi. Akili yote ya watunzi, wapigaji na mafundi mitambo ilimalizikia hapo. Albamu ilikuja baadaye, nyimbo mbili tatu zilizokwisha kuvuma na nyingine za kujazia nafasi. Kwa hiyo mkusanyiko mzuri wa singo unakupa kile hasa ambacho watu walikisikia redioni na kukicheza.

Chukua kampuni ya Motown. Berry Gordy aliianzisha Detroit mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa familia yao. Ofisi na studio vilikuwa kwenye nyumba ya kawaida barabara ya West Grand Boulevard. Walikuwa na kikao cha kuchuja nyimbo kila wiki, na wimbo usiopita hapo hautoki, hata uwe wa nyota. Ndiyo maana singo zao hazina hata sekunde ya kupoteza. Mwaka 1992 walitoa seti ya CD 4, *Hitsville USA*, yenye singo za 1959 hadi 1971. Ukiifuata kuanzia mwanzo unasikia kampuni inakua: kwanza makofi na piano, kisha fidla na tarumbeta, mwishoni magitaa makali na maneno ya vita na mitaa. Orodha ya kuchanganya ovyo haitakupa safari hiyo. Mimi ningeanzia hapo.

FundiRedioTanga

Naongezea kwenye hizo za bei chee, dada, maana huko ndiko watu wanakoumia.

Waimbaji wengi wa enzi ile hawakumiliki rekodi zao, lebo, yaani kampuni iliyozitoa, ndiyo ilimiliki. Walipoachana na lebo, miaka ya 70 na 80, wengi waliingia studio tena wakarekodi upya nyimbo zao zilezile kwa kampuni ndogo ndogo. Siwalaumu, walihitaji kula. Lakini sauti imeshazeeka, bendi si ile, na mara nyingi utasikia kinanda cha umeme mahali palipokuwa na tarumbeta za kweli. Kampuni za mikusanyiko ya bei chee hununua haki za hizo kwa sababu ni nafuu. Jina la mwimbaji ni la kweli na wimbo ni uleule, lakini rekodi siyo. Mzee wako atajua kabla beti la kwanza halijaisha.

Geuza jalada usome maandishi madogo. Rekodi halisi hutaja lebo yenyewe, mfano Atlantic au Motown, na mwaka wa kwanza kutoka. Ukiona imeandikwa kwamba imerekodiwa upya, au hakuna mwaka wala lebo yoyote, achana nayo. Na mwambie kaka yako simu haimwokoi, hizo rekodi za marudio zimejaa huko mtandaoni, zimepangwa pamoja na za asili.

BintiIlala

Asante sana @FundiRedioTanga, hilo sikulijua kabisa. Sasa mbona kuna seti moja ya lebo ya Stax niliyoiona inaishia 1968? Baba anazungumzia sana Memphis, mji wa lebo hiyo. Hiyo si pungufu?

MemphisDamu

Si pungufu dada. Hiyo tarehe ina historia chungu.

Stax ilikuwa ya ndugu wawili Wazungu, Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, ndani ya jengo lililokuwa sinema, barabara ya McLemore. Waliacha sakafu yake ikiwa na mteremko uleule wa ukumbi wa sinema, na wengi wanaamini mlio wa Stax umetokana na hapo kwa sehemu. Bendi ya studio, Booker T. & the M.G.'s, ilikuwa na Weusi wawili na Wazungu wawili wakipiga pamoja katika Memphis ya ubaguzi. Mimi bado nastaajabia jambo hilo.

Sasa fuatilia. Atlantic ya New York ndiyo iliyosambaza santuri za Stax. Desemba 1967 Otis Redding akafa kwa ajali ya ndege, akiwa na miaka 26 tu, pamoja na vijana wengi wa bendi ya Bar-Kays. Mwaka huohuo Atlantic iliuzwa kwa Warner. Stax walipotaka kujadili mkataba upya, 1968, wakagundua kuwa karatasi waliyoitia saini miaka ya nyuma iliipa Atlantic rekodi zote walizosambaza. Rekodi za Otis, zikaenda. Sam & Dave nao wakaenda, kwa kuwa tangu mwanzo walikuwa wasanii wa Atlantic walioazimwa tu. Stax wakaanza upya karibu mikono mitupu, wakamtoa Isaac Hayes na Staple Singers.

Ndiyo maana seti ya *The Complete Stax/Volt Singles 1959–1968*, CD 9, iliyotolewa 1991, inakomea pale. Miaka iliyofuata ina seti zake, kutoka kwa mmiliki mwingine. Mkusanyiko wowote ukikuahidi "Stax yote" kwenye CD moja, jiulize nani hayumo. Kwa mzee anayeipenda Memphis hiyo CD 9 ndiyo zawadi. Ni ghali, lakini ukimsikia Otis katikati ya wenzake wa studio moja, mwezi baada ya mwezi, utamjua kuliko ukimsikia peke yake.

KinandaChaUsiku

Nampinga kidogo @SindanoYaSanturi, kwa heshima. Hoja ya singo ni ya miaka ya 60. Ukikaribia 1970 inaanza kukataa. *Hot Buttered Soul* ya Isaac Hayes, 1969, ina nyimbo nne tu, na mmoja unapita dakika 18. Kwenye mkusanyiko utapewa kipande kilichokatwa. *What's Going On* ya Marvin Gaye, 1971, nyimbo zinashikana, ukichomoa mmoja umeuvunja. Kama mzee anapenda na miaka ya 70, mpe mkusanyiko wa miaka ya 60 na albamu nzima za miaka ya 70.

SindanoYaSanturi

@KinandaChaUsiku nakubali, na sina cha kujitetea hapo. Ila kwa albamu hiyo hiyo ya Marvin kuna jambo la kijitabu. Ndiyo albamu ya kwanza ya Motown kuandika majina ya wapigaji wa studio, wale Funk Brothers. Miaka yote ya 60 mtu kama James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo zilizozunguka dunia na jina lake halikuwa popote kwenye jalada. Mikusanyiko iliyotengenezwa kwa uangalifu ndiyo iliyowaambia wasikilizaji nani alikuwa nani. Kwa hiyo dada, hata kama muziki utauhamishia kwenye flashi, kijitabu mpe mkononi. Wazee wanasoma.

MbongoLeeds

Niko Uingereza miaka mingi, niseme la huku. Kaskazini mwa nchi hii, miaka ya 70, vijana wa viwandani walikesha wakicheza santuri za soul za Kimarekani ambazo Marekani kwenyewe zilishindwa kuuza. Ukumbi uliotajika zaidi ni Wigan Casino, 1973 hadi 1981. Madijei walibandika karatasi juu ya jina la wimbo ili mwenzao asiigundue santuri. Ukumbi ulipofungwa, lebo ya Kent ya London ikaanza 1982 kutoa mikusanyiko ya nyimbo hizo, na ghafla mtu wa kawaida akaweza kuzipata bila kulipa mshahara wa mwezi kwa santuri moja.

Hadi leo kazi hiyo inaendelea. Numero Group ya Chicago ilianza 2004 na mkusanyiko wa Capsoul, lebo ndogo ya Columbus, Ohio. Waimbaji wazuri ajabu, na nje ya mji wao karibu hakuna aliyewajua. Hayo kaka yako hawezi kuyatafuta kwenye simu, kwa sababu hujui jina la kutafuta mpaka mtu aliyejitolea kuchimba akuoneshe.

MkongweIlala

Binti, kama baba yako alikuwa kijana hapa Dar, muulize kuhusu 1969. Mwaka ule mkuu wa mkoa alipiga marufuku soul mjini, ikionekana ni utamaduni wa kigeni unaopotosha vijana. Mabishano yalifika hadi kwenye barua za wasomaji magazetini, vijana wengine wakihoji kwa nini muziki wa Weusi wenzao wa Marekani uitwe ukoloni. Sisi tuliokuwepo tuliendelea kuusikiliza majumbani. Kwa hiyo unapochagua, usiweke nyimbo zilizopata umaarufu baadaye kwenye filamu na matangazo ya biashara ukadhani ndizo zake. Zake ni zile za kabla ya marufuku na zile za wakati wenyewe. Chagua mkusanyiko unaoandika mwaka wa kila wimbo.

BintiIlala

Wakuu, nashukuru sana. Nimeamua: *Hitsville USA* na ile ya Stax ya CD 9, gharama nitagawana na kaka maana nimemsomesha uzi huu wote na amekubali. Marvin nitamnunulia albamu nzima. Swali la mwisho: nikihamishia kwenye flashi, baadhi ya nyimbo ni mono, yaani spika zote hutoa sauti ileile. Kwenye gari zitasikika vibaya?

FundiRedioTanga

Hapana, zitasikika vizuri kuliko stirio za nyimbo hizohizo. Singo nyingi za enzi ile zilichanganywa kwa mono kwa makusudi, na Motown walikuwa wakizijaribu kwenye spika ndogo kama za redio ya gari kabla hawajaziachia. Stirio za wakati huo mara nyingi huweka sauti ya mwimbaji upande mmoja na bendi upande mwingine, na abiria wa kushoto anakosa nusu ya wimbo. Hamisha faili bila kuzibana sana, zipe namba ili zifuate mpangilio wa seti, na zima ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo kwenye redio ya gari.